Anko wa Safari anajibu: nusu siku Msitu Mweusi, na ile saa sio ya kuku

Toleo lililopita nilidokeza tu, tena mistari minne, kwamba meli za abiria za mto Rhine zikifunga gati Breisach, mji wa Ujerumani ulio mpakani kabisa na Ufaransa, watu wengi wanapandishwa mabasi asubuhi wanapelekwa milimani Msitu Mweusi, Schwarzwald kwa wenyewe, kuangalia mafundi wa saa, wa kioo na wa keki. Tangu hapo simu haijapoa. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha, na wewe uliyeuliza kama Wajerumani wa huko bado wanavaa ngozi za wanyama, tutaongea pembeni.

Anko shikamoo. Tangazo la safari linasema "kijiji cha mafundi wa jadi", ila shemeji yangu ashaenda na anasema hamna kijiji chochote pale, ni duka kubwa limevishwa nguo za kizamani. Ni kweli au ana wivu tu? – Kitinda Mimba

Marahaba mwanangu. Shemeji hajadanganya, ila kakatisha hadithi njiani. Mabasi mengi ya meli kutoka Breisach yanaenda Hofgut Sternen, na hilo neno Hofgut maana yake ni shamba na majumba yake, sio kijiji. Ni nyumba ya wageni ya siku nyingi iliyokaa mwisho wa bonde la Höllental, yaani Bonde la Jehanamu, na ukipita ndani ya basi utaelewa jina, maana kuta za mawe zinakubana huku na huku mpaka mchana unakuwa kama magharibi.

Kilichopazaa pale ni barabara. Magari ya farasi yalikuwa yanafika yamechoka na mlima mkali ndio uko mbele, kwahiyo watu wanakula, wanalala, farasi wanapumzika. Mwaka 1770 njia ya bondeni ilitengenezwa upya ili msafara wa Marie Antoinette, binti wa kifalme wa Austria, upite akipelekwa Ufaransa kuolewa, mtoto wa miaka 14 yule, na wenyeji hawachoki kukuambia kwamba alilala hapo. Goethe, mshairi wao mkubwa, alipita 1779. Na kikanisa cha Mtakatifu Oswald kilicho jirani kilitabarukiwa 1148, kwahiyo mahali penyewe pamezeeka kweli kabla ya mtu yeyote kufikiria kuweka kaunta ya kuuzia sumaku za friji.

Ila ukienda unategemea bibi anasuka kikapu barazani na mbuzi wanakatiza, utarudi umenuna. Ni hoteli, mgahawa, karakana na duka. Maonyesho ni mafupi, dakika chache fundi anaeleza, anafanya, watu wanapiga makofi, alafu mlango wa kutokea unakupitisha dukani, hilo wala halijifichi. Kinachofanya nikuambie uende ni mikono ya wale watu, hiyo haiigizi.

Sogea karakana ya kioo uone. Fundi anachota kioo kilichoyeyuka kwa ncha ya bomba la chuma, kinatoka kama asali iliyoshika moto, rangi ya chungwa, na hapo hana habari na wewe wala simu yako, anazungusha bomba muda wote maana akisimama kidogo tu kioo kinalegea upande na kuanguka. Anapuliza taratibu, kama unavyopoza chai, mi nlidhani atavimbisha mashavu kama mpiga tarumbeta kumbe wala. Anazungusha tena. Rangi inafifia, kioo kinakaza, anakirudisha motoni. Kikishaumbika hakiachwi mezani kipoe chenyewe, kinaingizwa kwenye tanuru lingine kishuke joto polepole, la sivyo kitapasuka. Nilisimama pale mpaka wenzangu wote wakawa washafika kwenye keki.

Na kazi hiyo haikuletwa kwa ajili ya watalii. Kioo kinataka mchanga na moto, alafu kinataka majivu ya kuni, maana ndani yake kuna chumvichumvi inayofanya mchanga uyeyuke kwa joto dogo zaidi, na Msitu Mweusi ulikuwa na kuni kuliko kitu kingine chochote. Wapuliza kioo walikuwa wanaula msitu hasa, wakimaliza miti upande huu wanahamisha tanuru upande ule. Kuna mpaka vijiji huko milimani vinaitwa Altglashütten na Neuglashütten, yaani Tanuru la Kioo la Zamani na Tanuru la Kioo Jipya. Kioo chao cha enzi hizo kilikuwa na ukijani kwa sababu ya chuma kilichomo mchangani, na ukiona glasi ya kijani ya kienyeji dukani usidhani ni rangi ya urembo tu, inaiga kasoro ya babu zao. Mwambie shemeji hilo nalo aliliruka.

Kaka yangu, wife anataka ile saa ya kuku, ya ukutani. Ntajuaje kama ni ya kweli na sio ya kiwandani mbali huko? Na kwanini bei zinapaa hivyo? – Mume Mtiifu

Kwanza sio kuku, bwana. Wajerumani wanasema Kuckuck, na ukilisikia haraka ni kuku kabisa, ila ni yule ndege tunayemwita kekeo, anayetagia kwenye viota vya wenzake. Nina rafiki aliingia dukani akaomba saa ya jogoo, wakamletea ya jogoo kweli, ya jikoni.

Tuje kwenye saa. Ya kweli ndani haina spika wala betri. Nguvu inatoka kwenye vile vyuma vizito vilivyotengenezwa kama koni za msonobari vinavyoning'inia kwa minyororo, vinashuka polepole na kuvuta magurudumu. Sauti nayo inatoka kwenye mivukuto miwili midogo, kama ya mhunzi ila saizi ya kibiriti, kila mmoja umekaa juu ya filimbi ya mbao, mmoja sauti ya juu mwingine ya chini. Saa ikifika kunanyanyuliwa vifuniko vya mivukuto, kimoja kinashuka, kingine kinafuata, hewa inasukumwa filimbini, ku-kuu. Basi. Hamna zaidi ya hapo, na nikikumbuka kwamba wakulima walikuwa wanatengeneza saa nyumbani kwao wakati theluji imefunga mashamba, alafu wachuuzi wanazibeba mgongoni kwenda kuuza nchi za mbali, mi navua kofia.

Dukani fanya hivi. Muombe muuzaji akugeuzie saa uone mgongo, akufungulie kama inafunguka. Ukiona kikasha cheusi cha plastiki na sehemu ya betri, hiyo ni kwotzi, sauti imerekodiwa, na zile koni ni pambo tu hata ukizikata saa inaendelea. Sio dhambi kuinunua, ni rahisi na haikusumbui, mradi ujue umenunua nini na ulipe bei yake. Ukitaka ya mitambo, tafuta cheti cha VdS, ni chama cha saa za Msitu Mweusi, cheti chao kinasema saa ni ya mitambo na imetengenezwa kwenye eneo hilo. Alafu pitisha kidole kwenye majani yaliyochongwa. Ya mkono yana alama za patasi, jani moja halifanani sana na jirani yake, kingo zina ukali fulani. Ya mashine yamefanana kama mapacha na yamelainika.

Bei ndio hapo, ya mitambo inahesabika kwa mamia ya euro na ikiwa kubwa inapanda mpaka unaomba maji. Kuna za siku moja, unavuta mnyororo kila siku, na za siku nane, unavuta mara moja kwa wiki, hizi vyuma vyake ni vizito zaidi na bei pia. Kama wewe ni msahaulifu chukua ya siku nane. Na uliza kama ina kiswichi cha kunyamazisha usiku, usije ukanilaumu.

Halafu kitu kimoja ambacho kwenye basi hawakutuambia: lile umbo la kijumba chenye paa la pembe sio nyumba ya mkulima. Mwaka 1850 mkuu wa chuo cha saa cha Furtwangen, Robert Gerwig, aliomba watu walete michoro mipya ya saa, na msanifu majengo Friedrich Eisenlohr, aliyekuwa anachora majengo ya reli, akachukua kijumba cha mlinzi wa reli akakibandika uso wa saa. Wazee wa kule wanapenda kumtaja Franz Ketterer wa Schönwald, miaka ya 1730, kwamba ndiye aliyeanzisha saa yenye kekeo, ila wanahistoria hawakubaliani na hilo, kwahiyo ukiona limeandikwa kama msahafu kwenye kipeperushi, lipokee tu kistaarabu.

Sasa aibu yangu. Yangu nilipoitundika, saa ikafika, kimlango kikafunguka, ndege akatoka, akainama, akapanua mdomo… kimya. Akarudi ndani. Siku mbili nazima moto wa hasira, nimeshaandaa na barua ya kulalamika, mpaka mtoto wa jirani akafungua kifuniko cha nyuma akaniuliza, "Anko, hizi pini ni za nini?" Kumbe saa za kusafirishwa mivukuto inabanwa kwa vibanio isiharibike njiani, na minyororo inafungwa waya, na inatakiwa utoe vyote kabla ya kutundika. Imeandikwa kwenye karatasi. Sikusoma karatasi. Na ukishatundika sikiliza mlio: tik-tak uwe sawasawa, ukisikia inachechemea, tik… taktik… taktik, sogeza sehemu ya chini ya saa kushoto au kulia kidogo kidogo mpaka itembee vizuri.

Habari Anko. Nikinunua saa ya euro 300 narudishiwa kodi? Na vile vyuma ntavipitishaje uwanja wa ndege? – Mama Mahesabu

Nzuri dada. Ndio unarudishiwa, kama makazi yako yako nje ya Umoja wa Ulaya na umenunua zaidi ya euro 50 kwenye duka moja. Kodi yao ya VAT ni asilimia 19 lakini imo ndani ya bei, kwahiyo kwenye euro 300 kodi ni kama euro 48, wala sio 57 kama wengi wanavyopiga hesabu, na kampuni inayorudisha inakata chake. Omba fomu palepale kaunta na uwe na pasipoti. Fomu lazima igongwe muhuri wa forodha unapotoka na mzigo nje ya Umoja wa Ulaya, na mzigo utoke kabla ya kuisha mwezi wa tatu baada ya mwezi ulionunua.

Mtego uko hapa, soma mara mbili. Safari nyingi za Rhine zinakwenda kati ya Basel na Amsterdam. Kama meli yako inaishia Amsterdam, muhuri utaupata uwanja wa ndege, ila nenda forodha kabla ya kukabidhi begi maana wanaweza kutaka kuiona saa. Kama inaishia Basel, hiyo ni Uswisi, na Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya, kwahiyo ukishaingia Basel bila muhuri umeshatoka tayari na hela umeiacha. Waulize watu wa meli mapema forodha ya mpakani wanaifanyaje, usisubiri usiku wa mwisho wakati kila mtu anafunga mabegi.

Vyuma weka kwenye begi la kupakia chini. Kwenye mashine ya ukaguzi vile vikoni vya chuma havina sura nzuri hata kidogo. Au waachie duka wakutumie, na hapo waulize kodi wanaikata vipi kabisa.

Assalam aleykum. Nasikia kuna onyesho la kutengeneza keki ya Black Forest na unaonjeshwa. Sisi hatutumii pombe. Tunaweza kula? – Ukhti

Waaleykum salaam. Hapana ukhti, ile ya kwao iacheni. Schwarzwälder Kirschtorte inawekewa Kirschwasser, pombe kali ya cheri isiyopungua asilimia 37.5, na sio kitone cha harufu, miongozo ya Kijerumani ya keki inataka ladha yake isikike kabisa ndio iitwe jina hilo. Na ile hoja ya kwamba imeshachemka ikaisha hapa haisimami, kwa sababu inamwagiwa kwenye keki iliyokwisha kuokwa na inachanganywa kwenye krimu, haipiti motoni tena. Onyesho angalieni, ni zuri, yule fundi anavyopaka krimu kwa kisu kirefu huku sahani inazunguka utadhani anapiga plasta ukuta. Kwenye kula ulizeni "ohne Alkohol?", yaani bila pombe, hata kwenye keki ya tufaha, maana zabibu kavu wakati mwingine zinalowekwa. Na Schinken yao maarufu ya moshi, inayowekwa kwenye mkate na kuonjeshwa kila kona, ni nguruwe.

Anko, nasafiri na mama, miaka 74, magoti yanamsumbua. Ataweza? – Mtoto wa Mama

Shikamoo yake kwanza. Basi linachukua kama saa moja kila upande na hapo kwenye majumba ni tambarare ya kutosha, karakana na mgahawa viko karibu karibu. Asichoweza ni njia ya korongo la Ravenna, ile inayopanda pembeni ya maporomoko, ina ngazi, mizizi na vidaraja vya mbao, ikinyesha inateleza. Ila daraja la treni ataliona akiwa amekaa, linapita juu ya vichwa vyenu kabisa, matao ya mawe yenye kimo cha mita 36, urefu mita 224, la mwaka 1927. Mtafutie benchi linaloangalia juu na chai, treni itapita, atafurahi kuliko nyie mliopanda. Sweta msisahau, mnatoka bondeni kwenye joto mnaenda milimani. Na sarafu za choo mfukoni.

Viza ni ya nchi gani jamani, meli inagusa nchi nne! – Nimechanganyikiwa

Moja tu, Schengen, zote nne zimo, Uswisi nayo imo (kwenye kodi iko nje, kwenye viza iko ndani, ndio maana watu wanachanganyikiwa). Hesabu usiku: nchi utakayolala siku nyingi zaidi ndio unayoomba kwake, zikilingana omba ile unayoingilia. Ada ya mtu mzima euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Chukua ratiba ya meli iliyoandikwa usiku kwa usiku, ndio itakuokoa kwenye maelezo.

Je maji ya mto yakipungua meli si inakwama? – Mwoga wa Maji

Inatokea. Mwaka 2018 na 2022 Rhine ilikauka vibaya, hasa pale Kaub, mji ulio kipande cha kati cha mto, magharibi mwa Ujerumani, kampuni zikawa zinahamisha abiria kwa basi kutoka meli moja kwenda nyingine. Maji yakizidi nako ni shida, meli haipiti chini ya madaraja. Ila kipande cha Breisach kimo kwenye sehemu iliyowekewa mabwawa na milango ya maji, kumi kutoka Basel kushuka hadi Iffezheim, kwahiyo kina hapo kinadhibitiwa. Shida inaanzia chini zaidi.

Mi duka silipendi, nataka ufundi bila kaunta. Kuna namna? – Mkavu

Zipo, mbili ninazozijua vizuri. Ya kwanza ni Gutach, jumba la makumbusho la wazi liitwalo Vogtsbauernhof, lilianzishwa 1964 kuizunguka nyumba ya mkulima ya mwaka 1612 ambayo haijasogezwa popote, imesimama pale ilipojengwa. Nyingine zililetwa vipande vipande zikasimamishwa upya. Ingia jikoni kwenye ile ya 1612 uangalie juu: dari jeusi tii, kwa sababu moshi haukuwa na bomba la kutokea, ulizunguka ndani ukakausha nyama na nafaka na kuzilinda mbao, alafu ukajitokea wenyewe kupitia paa. Watu na ng'ombe chini ya paa moja. Miezi ya baridi wanafunga, angalia tarehe.

Ya pili, kama meli yako inapita mto Main, ni Wertheim. Hapo hupandi basi, unashuka melini unatembea kwa miguu mpaka jumba la makumbusho la kioo, na kuna fundi anayefanyia kazi moto wa gesi mezani, unasimama karibu naye. Duka lipo, usinune, ila dogo.

Anko, nimeona picha za akina dada wa huko wamevaa kofia ya mipira mikubwa myekundu ya sufi. Nimnunulie mke wangu? – Mpenda Mapambo

Hiyo ni Bollenhut, na japo imekuwa nembo ya Msitu Mweusi mzima, mila yenyewe ni ya vijiji vitatu tu: Gutach, Kirnbach na Reichenbach. Kofia ya majani makavu, mipira 14 ya sufi, inaweza kufika kilo mbili kichwani. Ya kweli inatengenezwa kwa mkono na hutaikuta kwenye kapu la zawadi, utakazokuta ni za mchezo. Na myekundu ni ya msichana ambaye hajaolewa, aliyeolewa anavaa nyeusi. Sasa wewe mvalishe mkeo myekundu umtembeze Gutach, uone utakavyoulizwa mahari. Chukua nyeusi.